Nitatoka Nimelala

Njooni mkae hapa kitandani, wanangu, na wewe uliyeegemea kabati vuta kile kiti cha plastiki, kwa sababu nitasema mara moja tu. Pumzi niliyonayo haitoshi kurudia, na sitaki kesho mmoja aseme Baba alisema hivi na mwingine aseme hapana, alisema vile. Akili yangu ni timamu. Binti yangu mkubwa ni muuguzi, amenishika mkono asubuhi, akahesabu mapigo, akayahesabu tena, na sote tunajua maana ya yeye kurudia, lakini anaweza kuwathibitishia kwamba kinachochoka ni moyo, si kichwa. Nimefundisha historia chuo kikuu mpaka nilipostaafu, na kazi ile ilikuwa moja tu, kutenganisha lililotokea na linalosimuliwa. Kwa hiyo nitawaambia lililotokea bila kutia chumvi, halafu nitawaambia mtakachofanya.

Tuanze na mali, tuimalize, maana si nyingi na haina ugomvi. Nyumba hii ni yenu watatu, na haiuzwi maadamu mmoja wenu bado anahitaji pa kulala. Bustani ya miche ya mama yenu, pamoja na mapipa, mikasi na toroli, ni ya mziwanda, kwa sababu ndiye aliyebaki akimwagilia siku zile za msiba wake, sisi wengine tulipokuwa tunazunguka mbali ili tusipite pale. Vitabu vyangu avichukue anayevisoma. Akikosekana, vipelekwe maktaba, nisije nikasikia vimekuwa karatasi za kufungia sabuni. Wewe kaka mtu, fundi wetu wa ujenzi, una nyumba yako na zana zako, kwa hiyo wewe sikupi kitu, nakupa kazi. Sidaiwi na mtu yeyote, isipokuwa deni la bega, nalo nitalifikia.

Sasa jirani.

Mnamwita Bwana Mabati, na mtaa mzima unamwita hivyo, kwa sababu hakuna tatizo ambalo hakulitibu kwa bati. Dirisha likivunjika, bati. Mlango ukioza, bati. Mpangaji akilalamika kwamba panya wanamtembelea, anapigiliwa bati na kuambiwa sasa hata panya watabisha hodi. Hakuzaliwa mbaya kuliko watu wengine. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani namchukia kwa sababu ya sura yake. Namchukia kwa sababu ya jambo moja alilolifanya, na maneno machache aliyoyasema alipokuwa akilifanya, na ninyi mtayabeba maneno hayo kama nilivyoyabeba mimi.

Tulipopata kiwanja hiki, mama yenu alikuwa mtunza bustani wa manispaa, na alipanda michongoma kama mtu anayejua atakuwa na kazi nayo maisha yake yote. Hakuipanda kwenye mpaka. Aliipanda ndani ya ardhi yetu, akaacha ng'ambo yake ukanda mtupu, ardhi yetu vilevile, wenye upana wa toroli na mtu wa kupishana nayo. Nilimwambia tunajipunja. Akanijibu kwamba ua wa miti hupogolewa pande zote mbili, na yeye hana nia ya kwenda kubisha hodi kwa watu kila mikasi inapomwasha mkononi, kuomba ruhusa ya kusimama. Kwa hiyo ng'ambo ile alikuwa akiizunguka na toroli yake, anapogoa, anakusanya matawi, anaimba vibaya. Alikuwa na kila kipaji isipokuwa hicho.

Mabati alipokinunua kiwanja kinachopakana na chetu, alikuja na kamba, akaikaza sambamba na michongoma, akaanza kuchimba msingi wa vyumba vya kupangisha. Mtu ambaye hajawahi kupogoa mti katika maisha yake akiona ua, anaona mpaka. Mama yenu alikwenda kumwambia siku ileile, akiwa bado na glavu mikononi. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Jirani, hapo unapochimba ni kwangu," alisema. "Mpaka uko nyuma yako, huko ulikomwaga kokoto."

"Mama, usinichekeshe mbele ya mafundi," Mabati akasema. "Nani anapanda ua halafu anaiacha ardhi yake nje?"

"Anayeupogoa."

Mafundi walicheka, na hawakumcheka mama yenu. Nadhani hapo ndipo Mabati alipofunga moyo. Mimi nilitaka kwenda ofisi ya ardhi kesho yake, na nilikuwa nimeshavaa viatu, mama yenu akaja akasimama mlangoni. "Mwache," alisema. "Hapo watalala watu. Sisi tulikuwa tunapitisha toroli tu." Nilivua viatu. Wanangu, nilimtii mama yenu katika jambo hilo kwa muda wote uliobaki wa maisha yake, na sijuti, kwa sababu ilikuwa ardhi yake kwa jasho kuliko yangu, na alikuwa na haki ya kuitoa sadaka. Ninachowaomba mkikumbuke ni kwamba ilitolewa, haikuchukuliwa. Yule alilala juu ya sadaka ya mwanamke akidhani ni ushindi wake.

Vyumba vikasimama, vitatu kwa mstari, kuanzia mkabala wa mlango wetu hadi barabarani. Cha kwanza akapanga Fundi Redio, cha pili Mama Cherehani, na cha tatu, cha barabarani, Mabati akaweka stoo ya mabati yake. Wapangaji wale walitutoa jasho, msijifanye mmesahau. Mama Cherehani alikuwa akimwaga maji ya sabuni dirishani kana kwamba anamwagilia, mpaka michongoma ikaanza kukauka vipande vipande, na nguo za wateja akizianika juu ya ile iliyobaki, na mama yenu akimwambia hiyo si kamba, na yeye akijibu, "Dada, si ina miiba? Inashika bila vibanio!" Wakigombana hivyo asubuhi, jioni mama yenu yuko kule anapimwa gauni. Fundi Redio yeye alikuwa na spika za ukubwa wa mtoto. Nilikwenda kumwomba apunguze, mama yenu akiwa ameshaanza kuumwa, akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, redio isipopigwa kwa nguvu nitajuaje kama imepona?" Nilirudi nimekunja uso. Mama yenu, hapa kitandani, alicheka hadi akakohoa, akaniambia nirudi nimwombe tu atafute stesheni yenye nyimbo za zamani.

Michongoma ilipokufa yote, Mabati alileta bati zake. Hakuzisimamisha pale miti ilipokuwa. Alizisogeza huku kwetu, hadi ukabaki ujia ambao mtu mwenye kikapu anapita ubavu, na mnajua kwamba nyumba hii mlango wake ni huo mmoja, unatazama upande, kwa sababu mama yenu alitaka jua la asubuhi liingie likiwa bado changa. Nilimuuliza anafanya nini. "Vyumba navyo vinahitaji kupumua, Profesa," alisema. Sikuwahi kuwa profesa, na alijua. Mimi siku hizo nilikuwa nalala nikiwa nimekaa, nimemshikia mama yenu beseni, na sikuwa na mkono wa kupigania ardhi. Nilijiambia nitashughulika naye baadaye. Ndiyo baadaye hii.

Ngoja nipumzike kidogo. Hapana, maji sitaki.

Mama yenu alifariki asubuhi, upande ule wa kitanda alipokaa binti yangu. Vijana wa seremala walileta jeneza mchana. Lilikuwa tupu, kijana mmoja alilibeba mgongoni, akapinda, akapita ujia ule ubavu, na hakuna aliyewaza lolote, kwa sababu jeneza tupu linapita popote. Tukamlaza, tukafunga, tukambeba. Tulipofika pale kwenye kona ya jiko, jeneza likagoma kukata kona. Bati upande mmoja, ukuta upande mwingine, na nyinyi katikati mmebanwa, hamwezi kwenda mbele wala kurudi.

Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Nilipitia upenyo wa mabati kando ya chumba cha kwanza, nikamkuta amekaa kibarazani kwake anachokoa meno. Na wakati wote niliokuwa nikimwomba, mama yenu alikuwa juu ya mabega yenu, na kutoka pale alipokaa lile jeneza lilikuwa linaonekana kupitia upenyo ule. Alikuwa analitazama.

"Jirani," nilisema, "naomba tutoe bati mbili pale konani, tupite, kisha tutazirudisha kwa mikono yetu."

"Pole sana, Profesa. Msiba ni wetu sote," alisema. "Lakini nikifungua leo, kesho mtasema hapo ni njia."

"Ni dakika chache tu. Nakuomba."

"Msimamisheni tu, atapita." Akakitoa kijiti cha meno mdomoni, akakitazama ncha yake. "Yeye saa hizi hajui lolote."

Hayo ndiyo maneno. Sikuongeza, sikupunguza.

Kaka yenu alitaka kuzing'oa bati kwa mikono, nikamshika shati, kwa sababu sikutaka mama yenu asindikizwe kwa ngumi. Nikasema msimamisheni. Mimi nilikuwa upande wa kichwa, shavu langu limelalia ubao, na hili sijawahi kuwaambia: nilimsikia akiteleza. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayejisogeza kitandani kumpisha mwenzake. Akashuka ndani mle taratibu, akatua kwa miguu. Mwanamke aliyeacha ardhi yake nje ya ua ili asimsumbue mtu alitoka nyumbani kwake amesimama, kama mbao zinazopelekwa kiwandani.

Na pale uzito wote ulipokwenda chini, nyinyi mmeteleza kwenye matope ya sabuni, redio ikazimwa ghafla, na yule fundi akaparamia bati, akalivuka kwa kifua, akapiga goti, akaingiza bega chini ya miguu ya jeneza. "Tulia, Mzee," akasema. "Nimemshika." Bati lilikuwa limemchana mkono na damu inamtiririka, na hakuachia hadi tulipotoka barabarani. Hilo ndilo deni langu.

Jioni yake Mabati alikuja kutoa pole. Alikaa, akanywa chai yetu, akausifu msiba kwamba umekwenda vizuri, bila fujo. Nilimsindikiza hadi mlangoni. Alipoingia kwenye ujia ule akijibana tumbo ili apite, nilijua nitakachokifanya, na tangu hapo sijabadili hata herufi moja.

Sikupiga kelele. Nilikwenda ofisi ya ardhi, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine, nikaomba ramani ya kiwanja changu kama anavyoweza kuomba mtu yeyote. Nikapeleka shauri baraza la ardhi. Mpimaji akaja na chombo chake cha miguu mitatu, akapima kutoka barabarani, akapima tena, kipimo kikamwingiza chumbani kwa Mama Cherehani, chini ya kitanda. Wakasogeza kitanda, wakavunja sakafu, na bikoni, lile jiwe la mpaka, ikaonekana, imekaa palepale ilipowekwa kabla sijaota mvi, na simenti ya Mabati juu yake. Mama Cherehani akashika kiuno. "Kumbe miaka yote nalala juu ya mpaka," alisema, "ndiyo maana mume wangu alikuwa hasogei upande wangu!" Hata mpimaji alishindwa kujizuia.

Baraza likaamua. Mabati akakata rufaa, akashindwa. Muda aliopewa kuondoka kwenye ardhi yetu umekwisha, na tangu uishe amekuwa mtu mwingine kabisa. Aliyekuwa akiniita Profesa kwa kejeli, juzi aliniita Baba. Amekuja kutaka kuununua ukanda ule. Amekuja kutaka kuupanga. Amemtuma mkewe, ambaye ni mtu mwema, msimseme vibaya. Na leo amekuja na jambo jipya, ambalo ndilo lililonifanya niwaite. Anasema amesikia hali yangu, na siku ikifika atazitoa bati zote, ujia wote utakuwa wazi, nitabebwa kwa nafasi na heshima, hata gari litaingia. Sisi tumwachie vyumba vyake tu.

Najua yuko sebuleni anasubiri jibu. Nimesikia kile kiti chenye mguu mbovu kikilia, na hakuna mwingine mtaani anayekijaza namna hiyo. Msifunge mlango. Nina sauti kidogo iliyobaki, nataka imfikie.

Binti yangu, najua unachotaka kusema, uliniambia jana ukidhani nimesinzia. Kwamba njia imepatikana, tuichukue, yaishe. Kwamba mle ndani wanalala watu. Wewe ndiwe unayefanana na mama yako, na si kwa sura peke yake. Lakini nisikilize. Mtu huyu hakukosa moyo wa kutoa bati. Unaona leo anavyozitoa, tena zote, tena bila kuombwa! Alikuwa nao moyo huo siku ile, ila hakuona atapata nini. Nikipita kwenye ujia alioufungua yeye, nitakuwa nimepita kwa hisani yake, na atasimama kibarazani akipokea shukrani za waombolezaji. Sitampa hiyo. Afadhali nioze humu.

Sikilizeni basi, na wewe uliye sebuleni sikiliza. Nitatoka nimelala, na nitapita kwenye ardhi yangu. Ardhi yangu iko ndani ya vyumba vile. Kaka mtu, utapasua ukuta wa chumba cha Fundi Redio mkabala na mlango wetu, upana wa kutosha mabega. Kisha utapasua ukuta wa kati, tuingie kwa Mama Cherehani. Kisha ukuta wa stoo. Kisha ule wa mwisho unaotazama barabara. Nimekuonyesha mstari wa mpimaji, usiuvuke hata kwa upana wa tofali, maana upande wa pili ni wake na mimi si mwizi. Kwanza utegemeze paa kwa nguzo, mwenyewe unajua, sitaki mtu apate hata mkwaruzo. Bati za stoo zitolewe, zipangwe upande wake vizuri, moja juu ya nyingine, asipungukiwe na hata moja. Halafu mnibebe. Msikimbie. Nataka nipite mle polepole kama mtu anayekagua nyumba yake.

Mimi nikishatoka, mfike mpaka mwisho. Ubomoeni ukanda wote, na mabati ya ujia yaende nayo. Abaki na vyumba vyenye upande mmoja wazi kama meno yaliyong'oka, aviangalie kila asubuhi akiamka. Akileta pesa, hapana. Akileta wazee, wapeni viti, wapeni chai, na hapana. Akilia, mpeni kitambaa. Akifa, wanawe wakija, hapana hiyohiyo. Msiuze, msipangishe, msibadilishane. Mziwanda, upande michongoma upya, palepale mama yako alipoipanda, na uache nafasi ya toroli palepale alipoiacha, na uwe unaizunguka. Akuone.

Wale wapangaji wawili nimeshaongea nao. Tuna vyumba viwili vya uani nilivyokuwa nimejaza mafaili ya chuo. Yachomeni, hayana lolote, ni insha za watu ambao sasa ni wakubwa na wataona haya. Fundi Redio na Mama Cherehani wahamie pale, wawe wapangaji wenu. Watawasumbua. Atamwaga maji, na yule mwingine atawapigia redio, na mtagombana nao hadi muote mvi. Ni haki yao. Bega lile litalipwa hivyo, na papo hapo vyumba vyake vitakuwa havina mtu. Nilipowaambia, fundi aliniuliza, "Mzee, kwa hiyo sisi tunahama na jeneza?" Nikamwambia ndiyo, mnabeba upande mmoja mimi, upande mwingine godoro.

Cheka, binti yangu, hata kama ni hivyohivyo na machozi.

Msimtukane. Hilo nawaamuru. Mtu ukimtukana unampa pa kushikia, ataanza kusimulia tusi na kuacha aliyoyatenda. Msalimieni asubuhi na jioni. Siku ya kunizika simkatazi kuja, na mpelekeeni kiti, kile chenye mguu mbovu, mkiweke barabarani mkabala na ule ukuta wa mwisho, kivulini, ili akae vizuri auone unavyofunguka. Akiinuka kutaka kubeba, mwambieni kwa adabu mabega yametosha. Hamtaongeza neno. Nimefikiria maneno mengi ya kumwambia siku hiyo, usiku nikikosa usingizi nayapanga, mengine mazuri sana, nimeyaacha yote. Kiti kinatosha.

Amesikia. Kiti kimelia. Ameinuka.

Acheni aende. Msimsindikize.

Sasa funga mlango, mwanangu. Msidhani kwamba mlango ukishafungwa nitalegeza. Wengi hufanya hivyo, wanafoka mbele ya watu, halafu pembeni wanasema haya, sameheni. Mimi sisemi hivyo. Nilichosema mlango ukiwa wazi ndicho hichohicho.

Nizikeni karibu na mama yenu, upande wa kushoto, ndivyo tulivyokuwa tukilala. Najua atanikasirikia. Msidhani sijui. Nitakapofika ataniuliza nimemfanya nini jirani, nami sitamdanganya, sijawahi kumdanganya, na akishasikia atanigeuzia mgongo. Alikuwa na mgongo mkali. Ulikuwa unanena kuliko mdomo. Atanuna, na mimi nitakaa kimya pembeni, nimezoea, mpaka achoke kununa aniulize kama miche ilimwagiliwa. Ugomvi huo ni wangu na yeye, niachieni. Nyinyi hamumo. Nyinyi mmetumwa na baba yenu, mkono wenu ni safi.

Nilitaka kusema jambo jingine... limenitoka. Nisogezeeni mto. Hapo. Hapo panatosha.

Mpendane. Si lazima kila siku, lakini msipitishe muda mrefu. Mwenye nacho asisubiri kuombwa. Mungu awape nyumba zenye milango mipana, na watoto wawazike nyinyi, si nyinyi kuwazika watoto. Nawabariki wote watatu kwa kinywa changu na kwa kinywa cha mama yenu, maana kwa hili najua anakubaliana nami.

Nipeni mikono. Yote, leteni. Sioni vizuri... nani amezima taa? Hakuna? Basi.

Huu ni wako, binti yangu, ni baridi, wewe siku zote... Huu una udongo. Mziwanda. Usiuoshe.

Na huu wa nani? Ni wako, kaka mtu? Una sugu. Vizuri. Vizuri sana, baba.

Anza na ule ukuta wa mkabala na mlango.